Mshale Ukishatoka



Watu wasioishika kazi ya usasi hudhani kwamba hodari wa upinde ni yule ajuaye kulenga, na kwamba mshale ukiisha kumpata mnyama, basi shughuli imekwisha na lililosalia ni kisu na chungu. Wenyewe hawasemi hivyo. Kwao wao, shabaha ni jambo la kujifunza kiwanjani mbele ya robota la majani makavu, na kijana mwenye mwalimu mzuri na mikono isiyotetemeka aweza kulipata kwa muda si mrefu. Bali elimu yenyewe huanza pale mshale unapotoka upoteni, mnyama akashtuka, akaruka, akaingia mwituni, na mahali alipokuwa amesimama pakabaki patupu. Hayo ya baada ya hapo ndiyo niliyokusudia kuwazungumzia usiku huu: namna ya kuisoma damu iliyodondoka ardhini, na kumfuata mwenye damu hiyo mpaka alipo.

Nitawachukua mbali na kwetu, katika misitu ya Marekani, kwa sababu huko ndiko mamilioni ya watu wanakoingia mwituni kila mwaka na pinde mikononi, na ndiko maarifa haya yalikoandikwa na kubishaniwa kuliko mahali pengine. Mnyama wao ni ayala mwenye mkia mweupe. Huyu si swala wala si kulungu, ingawa kwa mbali ungeweza kumdhania; pembe zake ni mfupa wenye matawi, dume huziangusha kila mwaka na kuota nyingine, na katika bara letu zima jamaa zake wa asili hawapatikani ila katika misitu ya mpakani mwa Algeria na Tunisia. Msasi humngojea juu ya dungu lililofungwa mtini, kimo cha mita 5 au 6, katika miezi ambayo majani hupukutika, asubuhi mapema au jua likielekea kuchwa, na humpiga kwa karibu, aghalabu hatua ishirini au thelathini tu.

Mwaka 1934 jimbo la Wisconsin liliwatengea wenye pinde msimu wao peke yao, jambo lililokuwa geni zama hizo, na miongoni mwa watu wa jimbo hilo waliokuwa wakichonga pinde kwa mikono yao alikuwamo Aldo Leopold, mwanachuoni mashuhuri wa mambo ya misitu na wanyama. Baadaye, mwaka 1969, Holless Wilbur Allen wa Missouri alipata hataza ya upinde wenye magurudumu nchani, ambao humpunguzia mvutaji uzito pale mkono unapokuwa umekwisha kufika shavuni, na tangu hapo idadi ya wapiga mishale imezidi mno. Lakini gurudumu haliifuati damu. Katika shughuli ya kufuatia, mwenye upinde wa kisasa na mwenye upinde wa mti wako sawasawa.

Inafaa kwanza tufahamu mshale unavyoua, maana asiyelifahamu hilo hawezi kuyafahamu mengine. Risasi ina kishindo, nayo huvunja na kutikisa nyama pande zote za pale inapopita. Mshale hauna kishindo cha kutajwa. Mshale hukata. Chembe chake kina makali mawili, matatu au manne, yaliyonolewa hata yaweza kunyoa nywele za mkono, nao hupenya ubavu mmoja ukatokea wa pili na kujichoma ardhini, na huenda mnyama asitambue lililompata. Wengine huruka hatua chache, wakasimama, wakageuka kutazama sauti ile ilikuwa ya nini. Kinachomwangusha ni upungufu wa damu. Ayala wa kilo 70 ana damu ipatayo lita 5, na akipoteza theluthi yake kwa ghafla miguu haimchukui tena.

Tofauti hii ya kukata na kupiga haikuvumbuliwa Marekani. Adi bin Hatim, mwana wa yule Hatim wa kabila la Tai aliyesifika kwa ukarimu, alikuwa mtu wa mawindo, naye alimwuliza Mtume, rehema na amani zimshukie, juu ya mnyama aliyeuawa kwa fimbo ya kurusha yenye ncha. Akajibiwa kwamba aliyepatwa kwa makali ni halali, na aliyepatwa kwa ubavu wa fimbo huyo ameuawa kwa kipigo, asiliwe. Swali jingine la Adi nitalifikia baadaye, kwani linahusu damu na nyayo hasa.

Sasa tumchukulie msasi wetu amekwisha kuachia mshale. Miguu yake bado haina kazi. Kinachotakiwa kwake ni jicho na sikio. Ayala aliyepatwa kifuani aghalabu hurusha miguu ya nyuma hewani, kisha hutimua mbio akiwa ameinama, akivunja vijiti njiani. Aliyepatwa tumboni hujikunja mgongo, hutembea hatua chache, husimama, kisha hujipenyeza vichakani taratibu. Mpigaji aliyefunzwa hutia moyoni mti wa mwisho alipoonekana mnyama, na upande uliotoka sauti ya mwisho, na huyatia kwa uangalifu kabla hajateremka, kwa kuwa akishafika chini kila kitu hubadilika sura: kisiki alichokiona dhahiri kutoka juu hakionekani tena, na miti iliyokuwa mbalimbali imekuwa yote sawa.

Kisha aketi pale pale, walau nusu saa, hata akiwa na yakini kwamba mnyama amelala maiti hatua hamsini mbele yake. Ikiwa amekufa, hatakwenda popote. Ikiwa hajafa, kila kishindo cha mguu wa mtu ni sababu ya kumwinua. Nakiri kwamba ni rahisi kulisema hili mbele ya chombo hiki cha sauti kuliko kulitenda pale juu, moyo ukigonga na mikono ikitetemeka. Lakini katika hadithi zote za ayala waliopotea, nyingi, ukizichunguza, zinaanzia hapo.

Ushahidi wa kwanza ni mshale wenyewe. Huokotwa, hunuswa, huguswa kwa vidole, hutazamwa manyoya yake. Ukiwa umeloa damu ya waridi inayong'aa, yenye vijipovu vidogo mfano wa povu la maziwa yaliyokamuliwa sasa hivi, basi umepita katika yavuyavu, maana povu lile ni pumzi iliyochanganyika na damu, na mwenye jeraha hilo ameshatoweka duniani au yuko njiani kutoweka. Damu nzito, nyekundu ya kuelekea weusi, ni ya ini. Mshale wenye utelezi, wenye rangi ya kijani au kahawia, uliogandwa na vipande vya majani yaliyotafunwa na unaotoa harufu ya uvundo, umepita tumboni au matumboni, na hiyo ndiyo habari mbaya kuliko zote. Shahamu tupu yaweza kuwa ya mgongo au ya kidari. Nywele nazo husema: nyeupe hutoka chini ya tumbo, na za kahawia zenye ncha nyeusi hutoka juu.

Iko damu inayodanganya, na juu yake ningependa kukaa kidogo. Mshale ukikata nyama ya paja au ya bega bila kuingia ndani, damu yake ni nyekundu ya kupendeza na ni nyingi mno mwanzoni, hata mgeni wa kazi hii hufurahi na kuita wenzake. Anaifuata hatua mia, mia mbili, matone yanapungua, yanakuwa moja hapa na moja pale, kisha hakuna kitu, na ayala yule yu hai, amekwenda kupona. Kinyume chake, mshale uliopigwa kutoka juu ya dungu waweza kuingia juu ya ubavu, ukapasua mapafu yote mawili, wala usitoke chini. Damu yote ikamwagikia ndani ya kifua, na ardhini, kwa hatua thelathini au arobaini za mwanzo, pasionekane hata tone. Huyu wa pili amekufa tayari. Basi wingi wa damu peke yake si kipimo. Rangi yake, harufu yake na mahali ilipoanzia ndizo zinazotoa hukumu.

Na hukumu yenyewe ni ya saa. Wa mapafu hungojewa nusu saa. Wa ini hungojewa saa nne mpaka sita. Wa tumbo hungojewa saa nane mpaka kumi na mbili, yaani aliyepigwa jioni huachwa mpaka asubuhi. Sababu yake si mazoea tu. Mnyama aliyeumia tumboni, akiachwa bila kusumbuliwa, hutafuta kichaka cha kwanza chenye utulivu, mara nyingi mita 200 au 300 tu kutoka alipopatwa, akalala, na kifo kikamkuta hapo hapo. Akifuatwa upesi huinuka, na sasa anajua kwamba anafuatwa. Huenda kilomita nzima na zaidi, na kwa kuwa utumbo na shahamu huziba tundu la jeraha, hatoi damu ya kumwonyesha alikopita. Yule aliyefanya haraka kwa kumhurumia, akitaka kumpunguzia maumivu, ndiye aliyemwongezea. Jambo hili ni gumu kumweleza mtu asiyelijua, naye akalikubali.

Saa zikiisha kutimia, wafuataji wasizidi watatu. Umati hukanyaga. Mmoja husimama juu ya tone la mwisho lililoonekana, hasogei mpaka mwenzake apate jingine mbele, na wote hupita kando ya njia ya damu, kamwe si juu yake, ili wakipotea waweze kurudi wakaikuta salama. Kila baada ya hatua chache hufunga kipande cha karatasi kwenye kijiti. Ukigeuka nyuma na kuzitazama karatasi zile, huuona mstari wa safari ya mnyama, na mstari ule hukuonyesha pa kutazama mbele. Tone la mviringo huonyesha kwamba mnyama alikuwa amesimama au akienda polepole. Lililorefuka lenye mkia ni la aliyekuwa akikimbia, na mkia huelekea aendako. Damu iliyopakwa kwenye majani pande mbili za njia ni dalili kwamba mshale ulitokea upande wa pili, na kimo chake juu ya shina hueleza kimo cha jeraha. Mahali damu haipo, hutazamwa majani makavu yaliyopinduliwa, upande wao wa chini wenye unyevu na weusi ukiwa juu, na alama za kwato zilizopanuka kwa kupiga mbio.

Miti ya huko nayo ina hila zake. Majani mengi, yanapokaribia kupukutika, huwa na madoa mekundu ambayo jicho lililochoka huyasadiki upesi. Hapo wengine hutia mate kidoleni na kusugua, maana damu hutoka na rangi ya jani haitoki, na wengine hubeba chupa ya haidrojeni peroksaidi, ile dawa ya kusafishia vidonda, ambayo ikinyunyiziwa damu hutoa povu jeupe. Usiku wazee huapa kwa taa ya karabai kuliko tochi, wakisema mwanga wake huiamsha damu. Tena kuna mtihani wasioujua wengi: katika wanaume wenye asili ya Ulaya ya kaskazini, takriban 8 kati ya 100 hawapambanui sawasawa nyekundu na kijani, na mtu wa namna hiyo aweza kuwa mpigaji hodari lakini akasimama juu ya damu asiione. Wenye busara katika hao huenda na wake zao.

Nilisema nitalirudia swali la pili la Adi bin Hatim. Aliuliza juu ya mnyama aliyepigwa mshale, akapotea, kisha akaonekana maiti baada ya siku moja au mbili. Jawabu lilikuwa kwamba, iwapo hakuna juu yake athari ila ya mshale wako, waweza kumla. Na iwapo umemkuta amezama majini, basi usimle, kwa maana hujui ni maji yaliyomuua au ni mshale. Sitaki kuingia katika ikhtilafu za mafakihi, wala mimi si mtu wake. Ninachostaajabia ni kwamba msasi wa Pennsylvania, asiyepata kusikia jina la Adi, hujiuliza swali lile lile anapomkuta ayala wake asubuhi kando ya kijito: ameuawa na nani, lini, na je, koyote, wale mbweha wakubwa wa huko, wamemtangulia? Naye hutafuta jawabu pale pale, katika athari.

Kuna kiungo kimoja kati ya habari hizi na ardhi yetu ambacho ni haki kukitaja. Mwaka 1911 alitokea katika mji wa Oroville, California, mtu aliyeitwa Ishi, wa mwisho katika kabila la Yahi, na hadi alipokufa kwa kifua kikuu mwaka 1916 alikaa San Francisco chini ya ulezi wa wataalamu wa Chuo Kikuu cha California. Tabibu wake, Saxton Pope, alijifunza kwake kuchonga upinde na kumwinda ayala, akaandika kitabu juu ya hayo mwaka 1923, na miaka miwili baadaye, pamoja na rafiki yake Arthur Young, akaja hapa Tanganyika kuwapiga simba kwa mishale, huku Stewart Edward White na Leslie Simson wakiwalinda kwa bunduki. Baadhi ya simba walikufa kwa mshale. Wengine walimalizwa kwa risasi. Mimi huona kwamba ushujaa wao haukosi lawama, kwani kanuni ya kungoja, ambayo kwa ayala huleta nyama, kwa simba humpa majeruhi nafasi ya kuchagua kichaka atakachomngojea mfuataji wake.

Wala hawakuwa na haja ya kwenda mbali kutafuta walimu. Wahadzabe wa Ziwa Eyasi, wanaopaka mishale yao sumu ya miti wanapokusudia wanyama wakubwa, wameifanya subira kuwa sehemu ya silaha. Jeraha la mshale wa sumu ni dogo, damu yake ni haba, kwa hiyo huwezi kuitegemea. Mhadzabe akiisha kumpata mnyama wake huzisoma nyayo kidogo, akajua zinakoelekea, akarudi kambini, na kesho yake huondoka na wenzake kumfuata. Nyama iliyo karibu na jeraha hukatwa ikatupwa, iliyobaki huliwa. Hapo mtu hafuati rangi. Hufuata ukwato mmoja kati ya nyayo za kundi zima, kwenye udongo mkavu, na kwa kipimo changu hiyo ni elimu ya daraja ya juu kuliko ya karatasi na karabai.

Wasikilizaji wangu wa pwani wasinune nikitaja mbwa, maana mbwa wa mawindo aliyefundishwa ana ruhusa yake katika Kitabu. Wajerumani ndio waliowalea mbwa wa damu kwa vizazi vingi, wale wa Hannover na wale wa milima ya Bavaria, na mtihani wao ni mkali: robo lita ya damu hutonwa mwituni kwa mwendo wa mita zisizopungua 1000, huachwa saa 20, au 40 kwa mtihani mkubwa, ndipo mbwa hufungwa kamba ndefu akaambiwa aifuate. La ajabu ni kwamba Ujerumani hiyo hiyo imeharimisha kuwapiga mishale wanyama wenye kwato. Katika jimbo la New York, John Jeanneney, mwalimu wa historia, ndiye aliyepigania mbwa hawa waruhusiwe na sheria, akatumia vijimbwa vifupi vya miguu, vyenye manyoya magumu, ambavyo pua zao ziko karibu na ardhi kwa maumbile. Naye alieleza kwamba mbwa hafuati damu tu, bali pia harufu inayotoka kwenye tezi zilizo kati ya kwato, na kwa hiyo aweza kuendelea pale ambapo jicho la mtu limekwisha kukata tamaa.

Haya yote nayasimulia kwa ajili ya maarifa. Kenya ilipiga marufuku usasi mwaka 1977, na kwetu una vibali na mipaka yake, basi mtu asije akasema amesikia redioni kwamba aingie msituni na upinde.

Limebaki shauri moja ambalo wenyewe hawajaafikiana, nalo ni la mvua. Ayala amepigwa tumboni jioni, kanuni inasema aachwe mpaka asubuhi, na mawingu yameshatanda. Wako wasemao kwamba hapo kanuni huvunjika, afuatwe sasa kabla njia haijaoshwa. Na wakati wa joto huongeza hoja ya nyama, kwamba usiku wa vuguvugu utaiharibu, na ya koyote, kwamba watakula kabla yako. Hoja ya nyama naiheshimu. Ya mvua siikubali, kwa kuwa damu ya jeraha la tumbo ilikuwa haba tangu mwanzo, na mvua haina mengi ya kuosha. Mnyama aliyelala mita 200 aweza kupatikana bila damu, kwa mbwa au kwa watu watatu wanaopekua kichaka baada ya kichaka, maana yuko karibu na ulipomwacha, ilhali yule uliyemwinua usiku kwa kuikimbilia damu, kesho yake hujui hata uanze kumtafuta katika msitu wa nani.